Dawa ya koko iko na PDG mumoja

Siku moja ya posho mwaka uliopita, mu parseli yetu hapa Katindo, mama yetu alikunywa dawa yake ya sukari mara mbili. Parseli yote inamuita koko, na sisi pia tumezoea kumuita vile. Hakuna mutu alikuwa na nia mbaya. Dada yetu mukubwa alimupa kidonge saa kumi na mbili ya asubui, mbele ya kuenda kuuzisha ku soko. Saa mbili, muke wa ndugu yetu akamuuliza: "Mama, ulishakunywa dawa?" Koko akajibu kama vile anajibu kila siku: "Bado, binti yangu." Akapewa kingine. Chai alikunywa nusu kikombe, mukate hakugusa.

Saa tano koko alikuwa amelowa jasho, mikono inatetemeka, anatuita majina ya watu wenye walikufa zamani. Jirani mumoja alisema ni malaria imepanda ku kichwa. Mwingine akasema ni tansio, mushipa umepasuka. Wa tatu hakusema waziwazi, lakini sote tulimusikia, juu alianza kuuliza ni nani alipita pale jana magaribi. Wakati tulikuwa tunabishana, sukari ilikuwa inashuka.

Tulimupakia ku moto, mumoja wetu nyuma yake akimushika asianguke. Ku hospitali muganga alimutoboa kidole, akaangalia kimashine, hakusema kitu, akaenda mbio kutafuta serumu ya sukari. Kisha akauliza swali lenye lilitupatisha haya: "Anakunywa dawa gani?" Tulikuwa watu wane pale. Mumoja akasema: "Za nyeupe." Mwingine akatoa kanailoni kadogo kenye kufungwa fundo. Ndani kulikuwa vidonge vya aina tatu, vyote vyeupe, bila jina, bila kipimo, bila tarehe. Muganga alivimwanga ku mukono, akaviangalia, akatuangalia na sisi.

Koko alilala kule siku mbili. Ile dawa yake, glibenklamidi, inakaa mu mwili wa muzee saa nyingi: unamupa sukari, anaamuka, anaanza kuzungumuza, unafikiri imeisha, kisha usiku inashuka tena. Mu 2013 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa nyingine, gliklazidi, mu orodha yake ya dawa za lazima, na likaandika kama glibenklamidi haifae kwa watu wenye kupita miaka 60. Lakini bei yake iko chini, na wazee wetu wengi wangali wanaikunywa. Hatusemi mutu aitupe leo. Kuacha dawa ya sukari bila kuuliza muganga ni hatari ingine. Tunasema: beba bwati ya dawa ya muzee wako, uende umuonyeshe muganga, umuulize kama ni ile, na kama inaweza kubadilishwa.

Tunaandika mambo haya ku ukurasa huu juu tunajua wasomaji wake. Wengi wenu muko Rubaya, muko Walikale, muko ku mashimo, na wazazi wenu wako hapa mu muji: Katindo, Himbi, Ndosho, Majengo. Ndugu yetu naye iko kule. Ni yeye alituma pesa ya ile dawa, kwa simu, siku ya tano magaribi. Alifanya kazi yake. Pesa ilifika, dawa ikanunuliwa, na ile dawa yenyewe ikakaribia kumuua mama yake.

Shangazi yetu mumoja anafanya kazi Ubeljiji, mu nyumba ya wazee, zile zenye Wabeljiji wanaita mezo de repo. Wakongomani wengi wanafanya kazi hiyo kule. Tulipomuelezea mambo ya koko, alinyamaza kidogo, kisha akatutumia sauti ya WhatsApp ya dakika saba. Tuliisikiliza wote, simu juu ya meza. Alisema kwao kila muzee ana fasi yake mu kabati ya dawa, na jina lake na picha yake juu, kusudi mufanyakazi mupya asichanganye mama huyu na mama yule. Kabati inafungwa. Dawa za maumivu makali zina kufuli yao peke. Mwenye kugawa anasukuma gari ndogo ya dawa chumba kwa chumba, na haiachi wazi hata akiitwa mbio. "Na hatuandike mbele," alisema. "Tunamupa, tunangoja, tunaona amemeza, njo tunasaini. Ukisaini mbele, muzee anaweza kuficha kidonge chini ya ulimi, akitema mu maua, wewe karatasi yako inasema amekunywa." Alicheka kidogo. Inaonekana yale maua aliyaona kwa macho.

Nyumba za wazee kwetu ni za kuhesabu ku vidole. Zanzibar, serikali ina makao yake ya Sebleni na Welezo. Lakini hapa Goma, kwa familia nyingi, kupeleka mama fasi kama ile ni kama kumutupa, na majirani watakuimba mpaka mwisho. Basi nyumba ya wazee ya Katindo ni hii yenye tunalala ndani, na mbao zake na manjanja yake, watoto wakipita katikati. Tumechukua kazi ya zile nyumba za Ulaya, lakini sheria zake hatukuchukua. Muzee wa miaka 75 anakunywa dawa nne, tano, na mwenye kumupa ni yule mwenye iko karibu ile saa.

Ninyi wachimbaji munajua kitu kimoja vizuri kushinda watu wa ofisi. Kila shimo iko na PDG wake. Mashimo ingeweza kuwa na wapigaji nyundo makumi na wabebaji makumi, lakini ukitaka kujua ni nani anajibu juu ya ile shimo, jina ni moja. Hakuna mutu anasema "tunajibu sisi wote", juu kila mutu anajua maana yake: hakuna mwenye anajibu. Sisi mu parseli tulikuwa tunasema dawa ya koko ni ya sisi wote. Tulikaa siku ya yenga kisha koko kurudi, tukaongea mpaka giza, na tukachagua PDG mumoja: muke wa ndugu yetu. Sababu ni moja tu: analala mu nyumba moja na koko na hatoki mbele ya saa tatu. Dada mukubwa alikasirika kidogo, juu yeye ndiye mukubwa. Tulimuelezea kama ukubwa na saa ya kutoka ni vitu viwili. PDG akisafiri ao akiwa mugonjwa, anamupa mutu mumoja kazi kwa mudomo wake, na anamuonyesha kaye.

Kaye ni ya kurasa 48, ile ya watoto wa shule. Kila siku ina mistari yake: saa, jina la dawa, ngapi, na musalaba kisha kumeza. Hakuna zaidi. Mwanzoni tuliandika mambo mengi, alikula nini, alilala namna gani, na kisha siku tano hakuna mutu aliandika tena. Sasa ni misalaba tu, na imeendelea. Kuko sheria ingine yenye tulijifunza kwa gharama: dawa ya sukari haitoke mu kabati mbele sahani haijafika. Koko akikataa kula, PDG hamupe kidonge, anauliza muganga. Na mu kabati kuko sukari ya kawaida mu kakopo. Muzee akianza kutoka jasho, kutetemeka, kusema ovyo, na angali anaweza kumeza, anapewa maji ya sukari mara moja, mbele ya kutafuta moto, na mbele ya kutafuta ni nani alipita jana. Akiwa amezimia, usimumiminie kitu mu kinywa, itaingia mu mapafu; mubebe ku hospitali.

Tugeukie kale kanailoni, juu pale njo haya yetu ilikuwa kubwa. Kwa miaka mingi gunia ya koltani ya Masisi ilifungwa etiketi ya plastiki yenye namba, ku shimo, kisha ingine kwa negosian, na kila namba iliandikwa mu kitabu. Wengi wenu mulilalamika juu ya zile etiketi, na mulikuwa na sababu zenu. Lakini ona: jiwe ilikuwa na namba, na kidonge chenye kinaingia mu tumbo ya mama yako hakina hata jina.

Na mambo haya si ya kufikiri tu. Tangu mwisho wa 2014 mpaka katikati ya 2015, kule Ituri, watu walianza kuletwa ku mahospitali shingo imepinda, uso umekaza, macho yanaangalia juu, ulimi hautii. Wengi walikuwa watoto. Kwanza walifikiria ni meningiti. Walikuja zaidi ya watu 900, mwezi kwa mwezi. Mwishoni vidonge vikapimwa ku laboratwari. Mukebe ulikuwa umeandikwa diazepamu, dawa ya kutuliza, vidonge 1000 ndani, lakini vidonge vyenyewe vilikuwa haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili, tena kwa kipimo kikubwa. Julai 2015 Shirika la Afya Duniani likatoa tangazo kwa mataifa. Fikiria mama mwenye alinunua vidonge viwili vya namna ile, vimefungwa mu karatasi. Muganga anamuuliza mutoto alikunywa nini. Atajibu nini? Atajibu kama sisi: "vidonge".

Basi sasa tukinunua, tunaomba plaketi isikatwe fasi ya jina. Kama dawa inatoka mu mukebe mukubwa, mutu wa famasi aandike ku nailoni mbele yetu: jina, miligrama, tarehe. Wamoja wanakasirika. Kuko mwenye alituambia: "Munafikiri mimi ni mwizi?" Hapana, baba, hatufikiri vile. Tunanunua kwingine tu.

Fasi ya kuweka dawa nayo tulibadilisha. Zamani za koko zilikuwa zinakaa fasi tatu: chini ya muto, juu ya ukuta wa mbao pale unagusa manjanja, na zingine mu jikoni karibu na mbabula. Saa saba ya muchana, chini ya manjanja ni kama mu sufuria. Jikoni kuna muvuke. Vidonge vingine vilikuwa vimeanza kuwa na alama za kahawia, na tuliendelea kumupa. Na siku tulikusanya zote, tulikuta mutoto wa miaka mitatu amekaa nyuma ya kitanda anacheza famasi: amepanga vidonge vya nyanya yake mistari mistari, anauzishia wenzake. Kidonge kimoja cha sukari cha koko kinaweza kuua mutoto wa ule umri. Hatukumuchapa. Tulihesabu vidonge mara tatu.

Sasa zote ziko mu mukebe wa biskuti wa chuma, ndani ya kabati yenye kufuli, mu chumba ya koko, mbali na manjanja na mbabula. PDG anakata plaketi na kupanga mu bahasha saba, tangu siku ya kwanza mpaka siku ya yenga. Famasi zingine zinauzisha kisanduku cha vyumba saba cha kazi ile, lakini bahasha zinatosha. Zenye hazitumikishwi tena hazikai pale. Na hakuna kuazima. Parseli yetu ilikuwa na desturi: jirani anakuja, "kichwa inaniuma, nipeni kamoja ka tansio." Jirani mwenyewe hajapimwa tansio. Dawa ya maumivu, tramadoli, ndiyo ya kufunga kushinda zote. Ya baba mumoja wa hapa karibu ilikuwa inapungua kila juma, na si yeye alikuwa anaikunywa. Wachimbaji hatuna haja ya kuwaelezea ni nani anaitafuta.

Saa ya kukunywa nayo ina maana. Koko anakunywa furosemidi, ile ya kutoa maji mu miguu. Tulikuwa tunamupa magaribi, juu magaribi njo wote tuko nyumbani. Alikuwa anaamuka mara ine usiku kuenda ku choo. Choo iko nje, kuran imekatika, na munajua chini ya Goma ni nini: mawe ya volkano, makali kama meno. Alianguka mara moja, akapasuka goti. Muganga alituambia tumupe asubui. Ni vile tu. Tangu pale analala.

Kwa wenye wazazi wao wanajipiga shindano la insulini, wasiwasi wa kwanza ni frigo. Insulini yenye haijafunguliwa inapaswa baridi ya digri 2 mpaka 8, na haipaswi kuganda. Ikiganda imekufa, usitumie hata ikiyeyuka. Ile yenye imefunguliwa ni mambo mengine. Mu 2021 chuo kikuu cha Geneva na Médecins Sans Frontières walionyesha mu kazi yao ya Dagahaley, kambi ya wakimbizi ya Dadaab kule Kenya, kama insulini inavumilia joto ya kupanda na kushuka kati ya digri 25 na 37 kwa juma ine, bila kupoteza nguvu. Dadaab ni jangwa. Goma iko juu, karibu metre 1500, na joto yetu si ile. Basi chupa yenye mama anatumia haina sababu ya kuzungushwa kwa majirani wenye frigo, kuingia na kutoka, kila kuran ikikatika. Ikae mu nyungu ndogo, nyungu ile ndani ya nyungu kubwa, katikati muchanga wenye maji, kitambaa kilicholowa juu, fasi ya kivuli yenye upepo. Andikeni tarehe ya kufungua. Kisha juma ine, ile chupa imeisha hata kama kumebaki kitu ndani. Muulize muganga wenu kwanza aina ya insulini yenu, lakini nyungu si aibu.

Kitu kingine tulijifunza mbele ya haya yote, na tulisahau. Nyiragongo ilipasuka tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 serikali ikatoa amri watu wahame. Katindo haikuwa mu kata zenye zilitajwa, lakini nani angebaki? Tulitembea na watu wote kuelekea Sake, zaidi ya kilometre 20. Tulibeba godoro, sufuria, televisheni. Dawa ya tansio ya koko ilibaki juu ya ukuta, chini ya manjanja. Kule kichwa kilimuuma siku tatu, na sisi tulifikiri ni jua na vumbi. Sasa mukebe wa biskuti uko na kamba ya kubebea. Ndani kuna karatasi yenye majina ya dawa zote, miligrama na saa, na picha ya ile karatasi iko mu simu ya kila mutu wetu, hata ya ndugu yetu wa Rubaya. Hii ya mwisho ni yeye aliomba. Zamani alikuwa anauliza "pesa ilifika?" Sasa anauliza "munamupa ngapi za amlodipini?", na akituma pesa anajua ni ya dawa gani na ya siku ngapi. Mara moja alituambia hesabu yetu haitoshi mpaka mwisho wa mwezi. Alikuwa na haki.

Tusifiche mambo moja: koko alikataa. Siku ya kwanza aliona kufuli, alisema: "Dawa yangu, munaifunga, kama mimi ni mwizi mu nyumba yangu?" Hakula magaribi ile. Na siye hatukuwa na jibu, juu ni nyumba yake, na ni yeye alitukomesha sisi wote. Tulibishana siku mbili. Mwishoni tuliachia yeye ufunguo. Anaufunga mu pembe ya kitenge chake, pale anafungaka pesa. PDG hafungui bila koko, koko hafungui bila PDG. Watoto hawafikii ile pembe ya kitenge, tunawahakikishia.

Koko hajui kusoma sana, lakini misalaba anaijua. Siku ya pili ya juma lililopita, saa mbili na nusu, alimuita PDG wake kwa sauti yenye parseli yote ilisikia. Alikuwa amefungua kaye juu ya magoti, kidole kimewekwa ku mustari wa asubui, bila alama. "Mimi nilimeza, uliniona," alisema. "Wewe hukuandika. Kesho mutanipa tena mbili?" PDG alienda kutafuta biki.